Hodi ya Kondo

Mtu mmoja alikuwa na sauti ambayo kila mlango uliifungukia. Jina lake Kondo. Zaidi ya sauti hiyo hakuwa na mengi ya kusimulia: shamba la mihogo, baiskeli, na mke aitwaye Mwamvita. Lakini mtu akifariki katika mji wetu, Kondo ndiye aliyetumwa nyumba kwa nyumba, kwa sababu habari ya msiba haipigiwi kelele njiani. Inapelekwa mlangoni, kwa adabu. Mji wenyewe msiniulize ni upi. Mwenye masikio ataujua, na mwenye haya ataujua mapema zaidi.

Hodi kwetu ina utaratibu wake. Mpiga hodi hasimami mbele ya mlango. Anasimama pembeni, ubavu ukutani, asije akaona ya ndani kabla hajakaribishwa. Anapiga ya kwanza, anangoja. Anapiga ya pili, anangoja. Kabla ya ya tatu anataja jina lake na la baba yake. Asipojibiwa hapo, anaondoka zake bila kinyongo. Na aliye ndani akishasema karibu, hana ruhusa tena ya kumfungia mtu nje, hata kama waligombana jana kisimani. Ndivyo tulivyolelewa. Tulijisifia sana adabu hiyo, tukasema watu wa kwingine hawana malezi.

Basi akaja mtu kutoka ng'ambo ya mto, amekimbia vita ya kwao, na mkewe nyuma yake na mtoto mgongoni. Mtu huyo aliitwa Nduwayo, na mkewe Spesioza. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakuisubiri hata hiyo ya tatu. Aliuliza udongo mzuri unapatikana wapi, akaanza kufyatua matofali. Haikupita miaka minne, nusu ya nyumba za mji zilikuwa zimesimama kwa matofali yake, na nyumba ya Kondo ikiwemo. Kila tofali alilibonyeza dole gumba kabla halijakauka. Ukitaka kujua nani kalifyatua, unaangalia ukutani unaliona dole lake.

Kondo alimpenda, na hili silisemi kwa kumtetea. Walikula sahani moja. Ndiye aliyemfundisha hodi yetu, maana kwao hodi ni nyingine. Alimwambia, "Ndugu yangu, hapa mtu mwema anasimama pembeni. Ukichungulia chini ya mlango ukaona viatu vimekukabili, usifungue. Huyo hakulelewa hapa." Nduwayo alicheka, lakini alilishika neno hilo na akamfundisha mkewe.

Kisha mvua zikakosa kunyesha, mwaka wa kwanza na wa pili. Kisima kikashuka. Watu wakaanza kuwahesabu wageni kwa vidole, wakasema wamezidi, wakasema udongo ule ni wa babu zetu na maji ya kulowanishia matofali ni ya kwetu. Siku moja mchana watu walikwenda uwanjani kwa Nduwayo. Hawakuwa vijana wahuni, kama tulivyokuja kusema baadaye. Watu wazima ndio waliotangulia. Waliyakanyaga matofali mabichi mpaka yakarudi kuwa matope, na Nduwayo alipojaribu kuwasemesha walimpiga bega kwa mpini wa koleo, bega likavunjika. Jioni kila mtu alirudi kulala ndani ya kuta zenye dole gumba lake.

Nasema "watu". Neno hilo nitalirudia.

Baada ya hapo likaja gari lisilo na namba. Walioshuka hawakuvaa sare, hawakutaja majina, na hawakusema wametumwa na nani. Mngedhani wamekuja kuwatafuta waliokanyaga matofali. Walikuja kumtafuta aliyekanyagiwa.

Mara ya kwanza walipiga hodi wenyewe. Nduwayo alilala kifudifudi, akachungulia chini ya mlango, akaona viatu vyeusi jozi mbili vimemkabili. Akanyamaza. Mara ya pili mmoja alisema, "Mimi Kondo." Lakini viatu vilikuwa vilevile, na Nduwayo akanyamaza. Kuvunja mlango wangeweza, tena kwa teke moja. Ila mlango uliovunjwa hubaki pale ukiwauliza wapita njia maswali, na watu wale walipenda kazi yao ionekane kama haikufanywa na mtu.

Mara ya tatu walikwenda kwa Kondo. Walimkuta barazani anaziba pancha ya baiskeli. Mkubwa wao alikuwa mpole, mpole kweli. Alimwamkia, akamuuliza hali ya mihogo, akampa pole kwa ukame. Halafu akasema, "Mama yake Mwamvita alizaliwa ng'ambo ya mto. Sivyo, mzee?"

Mwamvita alikuwa ndani anapembua maharage. Alisikia mama yake akitajwa, akaacha kupembua.

Kondo aliendelea kubana kiraka kwenye mpira. Yule mpole akamwambia, "Hatukutumi umguse mtu. Utapiga hodi tu." Kondo alifuta mikono yenye gundi kwenye suruali, akasimama. Hebu mwacheni na hofu yake kwanza kabla hamjamhukumu. Alimhofia mkewe, na hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Angeweza kumchukua Mwamvita wakaondoka. Angeweza kukataa na kuona litakalokuja. Alichagua lililo jepesi, akalibandika jina la mkewe.

Ilikuwa saa nne asubuhi na jua limewaka. Nawaambia saa ili asije mtu akasema kulikuwa na giza. Sasa nalirudia lile neno, "watu". Mimi mnayeniita mwalimu, nyumba yangu ilikuwa ya tatu kutoka kwa Nduwayo. Nilikuwa nimeketi mlangoni nachagua mchele. Nilimwona Kondo anakuja katikati ya wale wawili, na nilijua anakwenda kufanya nini. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kumwita Spesioza nimwombe chumvi, kwa sauti ya juu, na mwanamke yule mwerevu angeelewa. Nilibeba ungo wangu nikaingia ndani, nikaurudisha mlango polepole usilie.

Kondo alisimama pembeni, ubavu ukutani. Na wale wawili walisimama nyuma yake, ubavu ukutani, kwa maana njiani alikuwa amekwisha kuwaonyesha mahali pa kusimama. Akapiga hodi ya kwanza. Akangoja. Akapiga ya pili. Akangoja. Akataja jina lake na la baba yake, marehemu Pazi, mtu aliyezikwa na mji mzima. Nilimsikia kupitia ukuta. Ningependa kuwaambia sauti ilitetemeka, lakini haikutetemeka. Akapiga ya tatu.

"Karibu, jirani," alisema Nduwayo, na komeo likatoka.

Gari lilipoondoka, pale mlangoni palibaki ndala moja. Spesioza aliiokota, akaipangusa vumbi, akaiweka ndani. Kondo alirudi kwake kwa njia ya nyuma. Aliyemuuliza, na waliomuuliza walikuwa wachache, alimjibu kwamba yeye hakumshika mtu wala hakumtaja mtu, alipiga hodi tu. Sisi wengine tuliingiza maji kwa wingi siku ile na kufunga milango mapema. Wahenga walisema ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji. Basi tulizitia maji, tukakaa kimya kumsubiri kinyozi.

Spesioza alizunguka ofisi zote na chakula kwenye bakuli lenye mfuniko. Kila alipofika aliambiwa hatuna mtu wa jina hilo. Siku ya tisa alikuja kwa Kondo. Alisimama pembeni kama alivyofundishwa, akapiga hodi tatu, akataja jina lake na la baba yake ambaye hakuna mtu wa mji wetu aliyemjua. Mwamvita alimkaribisha. Spesioza hakuketi. Alisema, "Shemeji, sauti yako inafungua milango. Twende ukanipigie hodi kule walikompeleka."

Kondo alijibu kwamba ana homa. Alijifunika shuka hadi kichwani, saa saba ya mchana, na joto lile. Spesioza alingoja barazani mpaka kivuli kikamwacha, mtoto akalia, akaondoka. Juma lililofuata nyumba yao ilikutwa wazi. Alikuwa ameufagia uwanja kabla ya kwenda, na alama za ufagio zilionekana hadi njiani. Nduwayo hatujamwona mpaka leo.

Mwezi ule Kondo alipiga lipu nyumba yake. Tulimuuliza kulikoni, akasema mchwa wamezidi. Basi na sisi tukaona mchwa wamezidi. Mchanga wa kijitoni ulikwisha kwa jinsi watu walivyokuwa wakipiga lipu, wengine ambao hata mlango wa maana hawana. Kwangu nilipiga mimi mwenyewe kwa mkono. Niliyafunika madole gumba moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa na kina cha kutosha kuingia dole langu.

Kisha mzee mmoja wa mji akafariki, kifo cha kawaida, cha uzee. Kondo akatumwa kupeleka habari kama siku zote. Nyumba ya kwanza alipiga hodi tatu, akataja jina lake na la baba yake. Kimya. Alisikia watu wanapumua ndani. Nyumba ya pili vilevile. Alikuja kwangu, na mimi niliyejua vizuri kwamba kuna msiba nilikaa kimya na wanangu, mkono wangu ukiwa mdomoni kwa mdogo. Alipiga hodi mji mzima, na mji mzima hapakuwa na mtu aliyesema karibu. Yule mzee alizikwa na watu saba. Jeneza walilibeba kwa kupokezana na wanawake, jambo ambalo kwetu halijapata kutokea.

Kondo alitoka makaburini akaenda kwake. Aliukuta mlango wake umefungwa kwa ndani, mchana. Alisukuma, haukusogea. Alicheka kidogo, cheko la mtu mwenye aibu, akaita, "Mwamvita." Kimya. Basi akasogea pembeni, ubavu kwenye lipu mbichi, akapiga hodi ya kwanza kwenye nyumba yake mwenyewe. Akapiga ya pili. Akataja jina lake na la baba yake kama mgeni. Akapiga ya tatu.

Mwamvita alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Yeye ambaye kwa ajili yake, kama Kondo alivyojiambia, yote yale yalifanyika. Aliuliza kwa sauti ndogo:

"Uko na nani?"

Kondo alikuwa peke yake. Jibu lilikuwa fupi na lilikuwa kweli. Lakini angelisema kwa sauti gani, kama si ileile? Akaketi barazani, mikono magotini, na wapita njia wakamwona pale mpaka jioni.

Tangu siku hiyo, ukipiga hodi katika mji wetu hutasikia karibu. Utasikia, "Uko na nani?" Watoto waliozaliwa tangu hapo wanadhani ndilo jibu la hodi, na wanalisema kwa furaha kabisa, kama watoto wanavyosema maneno waliyoyakuta. Wakubwa tunawasikia na hatuwasahihishi. Tungewasahihisha kwa kuwasimulia nini? Sisi ndio tuliokuwa tukiwaambia wageni, mgeni njoo mwenyeji apone.

Mfano wangu ndio huo, na sina maelezo ya kuongeza. Kondo mnamjua, na mwenye ungo mmeshamjua. Nawauliza neno moja tu, mimi nikiwa wa kwanza kuulizwa: kesho utakaposimama mlangoni kwa jirani yako, ukataja jina lako na la baba yako, nyuma yako atakuwa amesimama nani?