Mke Aliyemfuata Mumewe Mlimani

Wapendwa, palikuwa na mke mmoja aliyeanza kumshuku mumewe siku alipomwona amenawiri.

Msicheke bado. Mke huyo aliitwa Namkunda, na mumewe Elieskia Mbwambo, mwalimu mstaafu. Walikaa Upare ya milimani, kule ambako kwenda kwa jirani ama unapanda ama unashuka. Mganga wa zahanati aliwapima wote wawili siku moja. Mume akakutwa na sukari, mke akakutwa na shinikizo la damu, na wote wakaambiwa neno lile lile: fanyeni mazoezi kila siku. Namkunda alijibu kwamba jiko na ng'ombe vinamtosha. Elieskia, kwa kuwa maisha yake yote alitii maagizo, alinunua raba nyeupe na suruali ya michezo, na Jumatatu alfajiri akatoka mbio.

Sasa niwaulize. Kwetu, mzee wa miaka sitini na minane akionekana anakimbia alfajiri, kumetokea nini? Kuna msiba au kuna moto. Hakufika mbali. Wanawake walijifunga kanga viunoni wakamfuata, wanaume wakachukua mapanga, na mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Mwalimu! Nani ametutoka?"

"Hakuna aliyekufa," akasema Elieskia, akihema. "Nafanya mazoezi."

"Mazoezi? Kwa umri huu wamekuita jeshini?"

Akarudi nyumbani akitembea, ameinamisha kichwa. Raba zikaingia uvunguni. Namkunda alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

Miezi mitatu ilipopita, Namkunda akaanza kuona mambo. Kila siku saa kumi alasiri mumewe alibeba jembe begani akatoka, asirudi mpaka jua linazama. Shamba lao lilikuwa bondeni, naye alipanda juu. Alirudi ana matope miguuni, tena anapiga mluzi. Mluzi! Mtu aliyekuwa akisinzia na sahani mkononi, sasa mkanda wake umeingia matundu mawili ndani, na mchicha anauomba mwenyewe. Ukimuuliza, "Ulikuwa wapi, Baba Eliamini?" anakujibu, "Huko juu." Basi. Nanyi mnajua jibu fupi linavyomfanya mwenye shaka.

Na huko juu kulikuwa na nani? Njia ile ilikuwa na nyumba moja tu, ya mjane aitwaye Nakadori, mpishi hodari, anayecheka mpaka ng'ambo ya bonde wanasikia. Namkunda hakumuuliza mtu. Kuuliza, alijiambia, ni kutangaza. Akaenda kwa kaka yake, Sifaeli.

"Kaka, mume wangu ana mtu."

"Umeona, au umeambiwa?"

"Najua."

"Sikukuuliza unajua nini, dada. Wazee hawakai kikao kwa sababu ya 'najua'. Kaone kwa macho yako, ndipo nije na wenzangu tukuchukue."

Namkunda akarudi, akakunja nguo zake akazifunga ndani ya kitenge, akakiweka nyuma ya mlango. Miaka thelathini na tisa ya ndoa ikawa imelala hapo sakafuni, inangoja ushahidi.

Kesho yake alimwacha mumewe atangulie, akachukua mundu na kamba kama anayekwenda kukata majani ya ng'ombe, akamfuata. Alifika kwenye banda la maziwa, si mbali, moyo ukamdunda masikioni, magoti yakakataa. Alikaa kwenye jiwe akamwona mumewe anapotelea kwenye kona. Ili asirudi mikono mitupu akakata majani kidogo. Siku ya pili akaishia pale pale. Siku ya tatu akavuka banda hatua chache, akaishiwa pumzi. Juma la pili akafika kwenye kisima. Mvua iliponyesha alifuata. Siku ya soko alifuata pia, kwa kuwa aliona hiyo ndiyo siku ambayo wazinzi hudhani hakuna anayewatazama. Ng'ombe alishiba kuliko alivyowahi kushiba. Nyumbani hakusema kitu. Alimtazama tu mumewe akila, akahesabu matonge.

Siku ya arobaini na tatu akafika kwa Nakadori. Mlango ulikuwa na kufuli.

Mnaona jambo hilo lilivyomwingia? Nyumba imefungwa, mume ameonekana akipita, basi wamekwenda wote wawili mbele zaidi! Sehemu iliyobaki ilikuwa kali kuliko zote. Namkunda akaipanda na mundu wake mkononi, hakutazama kushoto wala kulia, mpaka akatokea kwenye ndiva, lile bwawa la kumwagilia ambalo babu zetu walilichimba. Mumewe alikuwa amezama mpaka mapajani, peke yake, anasindilia udongo na majani ya mgomba kwenye tundu la kutolea maji.

"Yuko wapi?"

Elieskia alishtuka nusura ateleze. "Nani, Mama Eliamini?"

"Usinifanye mtoto. Nakadori!"

"Nakadori yuko Same, hospitali, mwezi wa tatu sasa anamuuguza mwanawe. Amevunjika mguu. Kijana yule ndiye aliyekuwa anaziba hapa kila jioni, maji yajae usiku watu wamwagilie asubuhi. Mama yake aliponiomba nimshikie, nikakubali."

"Na mimi mkeo umenificha kwa nini?"

"Siku ile ya mbio, kati ya wote waliocheka, nilimsikia mmoja tu."

Mundu ulimshuka Namkunda polepole. Elieskia akatoka majini, akaitazama njia aliyopandia mkewe, kisha akamtazama yeye mwenyewe, kwa makini, kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyepata jibu asilotazamiwa kulipata.

"Umepumzikia wapi?" akauliza.

"Kupumzika kwa nini?"

"Kutoka nyumbani mpaka hapa, Mama Eliamini. Ulikaa wapi?"

Namkunda akafungua kinywa ataje mahali. Hakupata mahali pa kutaja.

Wapendwa, ushauri wa mganga haukumwinua mwanamke huyu kutoka kwenye kigoda chake. Shuku ilimwinua. Ilimpa saa ya kutoka, ikampa kazi ambayo hakuna jirani angemshangaa akiifanya, ikamkubalia aanze na banda la maziwa na kesho aongeze hatua nne. Na mumewe aliyeshindwa na raba mpya hakushindwa na tope, kwa sababu kule chini kulikuwa na watu wanaongoja maji.

Nasi tunaahidi mambo makubwa kila mwaka mpya. Tunaanza kwa mbio, tunachekwa, tunaacha. Tunasema mwili hautaki, umri umekwenda, nafasi hakuna. Namkunda alikuwa na visingizio hivyo vyote, na bado alipanda siku arobaini na tatu ili aivunje nyumba yake mwenyewe. Ikiwa wivu umeweza kumtoa mtu nyumbani saa kumi kila siku, jua na mvua, basi niambie, wewe unayesema unampenda mkeo, unawapenda wanao, unataka wakuone ukizeeka: upendo wako huo hutoka saa ngapi?