Klachi ya Kipanga na Mtamba wa Mlimani

Sogeeni karibu. Asiyependa kubishana akalale sasa hivi, maana hadithi hii mwisho wake mtautoa ninyi. Na mimi simtaki mtu wa kusikiliza hadi mwisho kisha anasema, "Wote wamefanya vizuri." Hilo si jibu. Huko ni kukwepa.

Katika mji mmoja chini ya milima ya Upare walikuwapo watu watatu wenye vipaji.

Fundi Kiondo alikuwa na pua. Gari likipita tu mlangoni pa gereji yake, alikuambia linaumwa nini kabla hujazima injini, tena alikuambia kwa sauti ya kusikika hadi sokoni. Bi. Salha wa duka la spea alikuwa na mkono. Alikamata kitu, akakipima kiganjani, akajua ni halisi au bandia, hata boksi lake ling'ae vipi. Na Namkunda, mshonaji, alikuwa na mguu. Msicheke! Miaka nenda miaka rudi alishona kwa cherehani ya kukanyaga, na mguu ule uliweza kuitembeza sindano juu ya hariri polepole, mshono kwa mshono, bila kuvuta uzi hata mmoja.

Namkunda, mama wa binti yao Nakiete, alikuwa mke wa Mwalimu Mbonea, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mbonea alikuwa na gari dogo jekundu la milango miwili, limelala chini kama paka anayewinda. Alimwita Kipanga. Kila siku ya shule Kipanga alimpandisha mlimani kufundisha hesabu, jioni akamshusha. Mara moja kwa mwaka, kwenye mbio za kupanda mlima, gari hilohilo lilishindana. La pili hakuwa nalo. Kipanga akilala, mwalimu anapanda kwa miguu, na wanafunzi wanacheza mpira hadi afike.

Basi klachi ikaanza kuteleza. Anakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari linajivuta kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Mwenye akili angeuliza kwa nini. Mbonea hakuuliza. Alimuuza Maua, ng'ombe pekee wa nyumbani, akaagiza klachi ya mashindano, ile yenye vidonge vya shaba, akaifunga mwenyewe kwa ubishi. Namkunda kila asubuhi aliendelea kufagia banda tupu, na kila asubuhi Mbonea alipita hapo akitazama viatu vyake.

Sasa, klachi ya mashindano inauma kama mbwa. Haina katikati. Inajua maneno mawili tu, ndiyo na hapana. Siku ya gulio, Mbonea alipotaka kuondoka taratibu kwenye mpando kati ya watu, Kipanga aliruka kama mbuzi aliyekanyaga chatu, akaangusha meza nzima ya nyanya.

"Mwalimu!" mwenye nyanya akapiga kelele. "Umelifundisha gari kuruka kamba?"

Gulio zima likacheka. Hasira zikampanda Mbonea, akashuka na kusimama katikati ya nyanya.

"Sikieni wote! Zawadi ya mbio mwaka huu ni mtamba mwenye mimba. Nitashinda mimi! Na mtamba huyo ni wa mtu mmoja, nasema mmoja tu, atakayenipatia klachi ya kunifaa kazini na mashindanoni. Nikivunja neno hili, mtoto yeyote asiniite mwalimu tena."

Maji yakamwagika. Na Namkunda alikuwa palepale, na kapu lake mkononi.

Wa kwanza alikuwa Fundi Kiondo. Hata kabla ya kuinua gari, alizunguka nyuma ya gurudumu, akainama, akavuta pumzi, akakunja uso.

"Mwalimu, wewe ni muuaji."

"Nimemuua nani?"

"Klachi. Klachi iliyoungua yenyewe inanuka kama kwato zilizochomwa. Hii ina oili ndani yake. Sili, ule mpira wa kuzuia oili nyuma ya injini, inavuja, inainywesha klachi tone kwa tone. Ile ya zamani haikuwa dhaifu, uliizamisha! Na hii ya shaba ungeizamisha vilevile. Funga hata ya dhahabu, itateleza."

Alishusha giaboksi, na kweli, nyuma ya injini kulikuwa kumelowa. Akabadilisha sili, akapangusa kila kitu kikakauka kama sahani ya wageni. "Pua hii," akatangaza barabarani, "ingekuwa ya mbwa, polisi wangeiajiri!"

Wa pili alikuwa Bi. Salha. Mbonea aliingia dukani kifua mbele, ile klachi ya shaba mkononi.

"Bi. Salha, nataka klachi kali kuliko zote ulizo nazo."

"Mashindano unaendesha lini, mwanangu?"

"Jumapili moja kwa mwaka."

"Na kazini?"

"Kila siku, Bi. Salha."

"Basi chukua klachi ya kila siku yenye nguvu ya Jumapili. Usichukue ya Jumapili, ukaililia kila siku."

Akateremsha maboksi matatu yenye picha ileile na maandishi yaleyale. Akatoa pleti ya kwanza, akaitikisa kidogo, akairudisha: springi za katikati zimelegea. Ya pili akaipitisha kidole, akasonya, akaitupa kwenye pipa. "Kadibodi hii. Aliyeniletea atanitambua." Ya tatu akaikumbatia: uso laini wa kawaida, springi imara, na presha pleti yake, ile sahani ya kuikandamiza, nzito kidogo kuliko iliyokuja na gari. "Hii itashika mlima, na haitakuvimbisha goti." Akachukua ile ya shaba, wakabadilishana. Angeweza kumuuzia ya bei kubwa, mteja mwenyewe ameomba. Hakufanya hivyo.

Wa tatu alikuwa Namkunda. Klachi ilipofungwa, Mbonea alinyoosha mkono kupokea ufunguo. Kiondo akauficha nyuma ya mgongo.

"Klachi mpya ni kama kiatu kipya, Mwalimu. Lazima izoezwe taratibu hadi nyuso zikubaliane. Ukiikimbiza sasa, inaungua uso, kazi yetu yote imekwenda. Na mguu wako wewe naujua. Mama Nakiete, shika."

Basi kuanzia siku hiyo hadi mkesha wa mbio, Namkunda ndiye aliyeendesha. Alfajiri alimpeleka mumewe shule, akarudi kwenye cherehani, jioni akamfuata. Kila kona gia moja chini, kila mpando pedali ikiachiwa kama sindano juu ya hariri. Mbonea alikaa kushoto akishika magoti.

"Mama Nakiete, bodaboda ya mkaa imetupita!"

"Mwache, Baba Nakiete. Mkaa una haraka ya kuungua."

"Wanafunzi wangu wanatuona!"

"Wapungie mkono."

Jumapili ikafika. Mwanzoni, mafuta yalipokanyagwa hadi mwisho, klachi ya Bi. Salha ilishika, Kipanga akachomoka. Kwenye mpando mrefu, joto lilipozidi na magari mengine yakaanza kutoa harufu ya kuungua, klachi ya Kipanga ilikuwa kavu. Oili ilibaki ndani ya injini ilikopaswa kuwa. Halafu, kwenye kona kali kuliko zote, ng'ombe wa mtu akakatiza barabara na kusimama, anacheua! Mbonea akafunga breki. Gari limesimama kwenye mwinuko wa kutisha. Ng'ombe akapita. Mbonea akataka kuachia pedali kwa pupa, kisha akaukumbuka mguu wa mkewe aliouangalia siku zile zote, akaachia kama yeye. Kipanga akanyanyuka bila kutikisika. Aliyekuwa nyuma yake alikwama hapohapo, magurudumu yakirusha mawe.

Mbonea akashinda. Kamba ya mtamba ikawekwa mkononi mwake mbele ya watu wote, na mwenye nyanya alikuwa mstari wa mbele. "Mwalimu, neno lako!"

"Ni wangu," akasema Kiondo. "Bila pua yangu klachi yoyote ingezama."

"Sili kavu haipandi mlima peke yake," akasema Bi. Salha. "Aliomba klachi, na klachi nimechagua mimi."

Namkunda akasema, "Klachi mliyompa ingekufa wiki ya kwanza. Niliyempa klachi hai ni mimi."

"Aa, shemeji!" Kiondo akaruka. "Mke na mume wanakula chungu kimoja. Akikupa wewe, kajipa mwenyewe. Neno gani hilo?"

Namkunda akamgeukia. "Alipomuuza Maua, mbona hamkusema kauza ng'ombe wetu sisi wawili?"

Bi. Salha akainamisha kichwa, lakini hakusema mtamba si wake.

Basi na ninyi msiniletee ujanja. Usiniambie wachinje wagawane. Ana mimba, nitakufukuza hapa. Usiniambie huyu apate mama na yule apate ndama. Neno lilikuwa mtu mmoja. Usiniambie mwalimu ajifanye kasahau. Kesho ni shule, na watoto walikuwepo gulioni.

Mbonea bado amesimama pale kileleni. Kipanga anapoa nyuma yake, mzima, tayari kwa Jumatatu. Mtamba anamlamba kiwiko, na ubavuni ndama anapiga teke. Maziwa yanakuja, hilo halina ubishi. Yanakuja banda la nani?

Wewe uliyekaa hapo, nakutazama wewe: kamba hii ungemtia nani mkononi? Na wale wawili uliowanyima, ungewaambia nini, uso kwa uso?