King'ora cha Luhombo na Mtamba Mmoja

Hapo zamani, si zamani za mababu bali zamani za masika ya mwaka juzi, kijiji cha Luhombo kilikuwa na king'ora. Mwalimu Nyamizi, anayefundisha hesabu, ndiye aliyekitengeneza. Alifunga kipimo cha maji huko juu milimani, mto unakoanzia, kinachotuma habari kwa redio, akaandika programu ya kukisoma. Maji yakijaa huko, king'ora kinalia huku, watu wanakimbia kabla mto haujafika.

Lakini programu ile ilitegemea maktaba, yaani kifurushi cha maagizo kilichoandikwa na watu wengine wa mbali, kinachojua kuzungumza na kipimo. Bila maktaba, kipimo ni bubu.

Alhamisi moja asubuhi kompyuta ya king'ora ikafa. Nyamizi akachukua ya ofisi ya shule, akahamishia nakala ya programu yake, akaagiza maktaba ipakuliwe. Ikakataa. Akaagiza tena. Ikakataa. Mtandao ulikuwa umekatika. Kijijini jua lilikuwa kali, lakini milimani mawingu yalikuwa meusi tii. Nani angehama kwa mawingu ya mbali? Mwaka uliotangulia, kabla king'ora hakijatengenezwa, mto ulikuja hivyo hivyo, jua likiwaka, ukachukua watu saba. Mmoja alikuwa dada yake Nyamizi.

Mhoja, fundi simu, akamwambia, "Mwalimu, niandikie jina la hiyo maktaba. Mjini mtandao upo."

Akapanda pikipiki, akaenda, akaipakua kwenye flashi, akageuza. Kwenye mteremko pikipiki ikamwangusha, bega likateguka. Akainuka, akaendesha kwa mkono mmoja mpaka shuleni.

Nyamizi akaisakinisha. Kompyuta ikaandika: imefanikiwa. Akawasha programu. Kompyuta ikaandika: maktaba hiyo haipo. Akaiondoa, akaiweka upya. Imefanikiwa. Akawasha. Haipo.

"Inanidanganya hii," akasema.

Bibi Kalunde, msusi wa mikeka, alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja kuuliza kama ahamishe mbuzi wake. Maneno hakujua kuyasoma, namba alizijua. Akainamia kioo cha kompyuta.

"Mwanangu, ulipoiweka pameandikwa kumi na mbili. Ulipowasha pameandikwa tisa. Ni kitu kimoja hicho?"

Nyamizi akasoma upya. Hakikuwa kimoja. Kompyuta ile ilikuwa na Python mbili, yaani matoleo mawili ya lugha inayoendesha programu: la zamani, namba tisa, na jipya, namba kumi na mbili. Maktaba ilikaa kwenye mpya, programu ikiitafuta kwenye ya zamani. Akajaribu kuiweka kwenye ya zamani. Ikagoma, haikubali toleo hilo. Basi akaigeukia programu yake mwenyewe, akaandika upya mistari kumi na minne ili iendeshwe na mpya, mbio mbio, bila kukosea hata nukta. Akawasha.

Kipimo kikasema: maji yamejaa. King'ora kikalia.

Watu wakapanda kilimani, watoto mgongoni, mbuzi mbele. Saa moja baadaye mto ukafika, jua likiwaka vile vile, ukaingia mpaka madarasani. Hakupotea mtu.

Kijiji kikatoa mtamba mmoja kwa aliyekiokoa. Mmoja tu, na ng'ombe aliye hai hagawanyiki.

Mhoja akasema, "Ni wangu. Bila flashi yangu mngeweka nini? Na bega hili halitarudi lilivyokuwa. Tena, Mwalimu, ungekuwa umetunza nakala ya maktaba yako, nisingeanguka."

Bibi Kalunde akasema, "Ni wangu. Flashi ilikuwepo na bado mlikwama. Aliyesoma hakuona, asiyesoma ndiye aliyeona."

Neno la nakala lilimchoma Nyamizi, kwa sababu lilikuwa kweli; miezi minane alikuwa akisema ataitunza kesho. Kisha akasema, "Kosa nimelikubali. Lakini king'ora ni changu, na mistari ile hakuna mwingine hapa ambaye angeiandika. Flashi na namba pekee visingefanya king'ora kilie."

Wazee wa kijiji wakasikiliza upande huu, wakasikiliza upande ule, wakashindwa. Mtamba bado amefungwa pale shuleni, kila mmoja wa watatu anamletea majani.

Haya, nyinyi mliosikia yote: kamba ya mtamba yule mngemkabidhi nani?