Kivumbasi cha Mwisho

Haya, sogeeni, niwape ngano, nanyi nipokeeni.

Hapo kale palikuwa na mjane, Mize, na bintiye Riziki. Zimwi lilikuwa likila watu wa kijiji chao, ila halikuweza kumla aliyenuka kivumbasi. Basi Mize akakipanda mlangoni, akawa anakipika na maharage kila jioni.

Zimwi likaja, likanusa dirishani.

“Mmekula?”

“Tumekula.”

Likaenda zake. Likaja tena, likanusa, likaenda zake.

Kisha ukaja ukame. Kivumbasi kikakauka, kikabaki kitawi kimoja, cha kutosha bakuli moja tu. Mize akampakulia mwanawe.

“Na wewe, mama?”

“Nimekula jikoni. Maliza, mwanangu, usisaze.”



Zimwi likaja mara ya tatu, likanusa.

“Humu mna mmoja hajala!”

Riziki akaangua kilio, akaing’ang’ania kanga ya mama yake. Mize akamwachia ile kanga, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake. Zimwi likammeza palepale.

Kesho yake mvua ikanyesha. Riziki akapukutisha mbegu kwenye vikonyo vilivyokauka, akapanda. Kilipoota akapika maharage, akapakua mabakuli mawili.

Ngano yangu imelala hapo, nanyi kalaleni.