Koti la Tangi na Haya ya Mkwe

"Kufunga mvuke si kupoza koti." Bibi Nduku aliyasema hayo jikoni kwa mwanawe, huko Kibwezi, akimenya ndizi. Mjukuu wake Mwikali alikuwa amelalamika kwamba amemwomba rafiki yake msamaha tangu asubuhi, na rafiki bado amevimba. Yeye na wajukuu wenzake wakauliza: koti gani hilo, na mvuke wa wapi? Bibi akasukuma maganda kando.

"Methali hii ilizaliwa kwenye kiwanda cha jemu," akasema, "nami nilikuwapo, nikibandika karatasi kwenye chupa. Ilianza hivi."

Kiwanda kilikuwa kidogo, cha Mzee Muthoka, na tulipika jemu ya mapapai. Tangi lilikuwa na kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na mvuke wa boila ulipita katikati. Nafasi hiyo ya katikati ndiyo tuliyoiita koti. Moto haukuigusa jemu. Koti ndilo lililoipika. Juu ya ngazi alisimama Mbithe, mwiko mkononi, kipimajoto mbele yake. Chini, kwenye valvu ya kufungulia mvuke, alisimama Kyalo. Mbithe akiona joto linapanda, hupiga kelele, na Kyalo hufunga.

Na kelele walipigiana kweli.

"Kyalo we, umelala? Unanipikia mkaa?"

"Koroga wewe, mama mzee! Mkono umeingia kutu?"

Hivyo kutwa nzima, hakuna anayekasirika, na jemu inatoka safi.

Basi Kyalo akampenda Syombua, binti wa Mbithe. Jumapili moja wazee wake wakapeleka mbuzi wa posa, mbuzi wakapokewa. Sasa, kwetu Wakamba, mbuzi wakishapokewa, mama mkwe na mkwewe hawatazamani, hawaitani, wala hawasimami karibu. Hiyo ndiyo nthoni, haya ya wakwe. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani.

Kiwandani hakuna kichaka.

Jumatatu Mbithe alipanda ngazi amejifunika leso mpaka puani, akaipa valvu mgongo. Kyalo naye akautazama ukuta kana kwamba umeandikwa kitu. Mzee Muthoka akashika kichwa. Siku hiyo tulikuwa tunapika agizo la kwanza la hoteli kubwa.

"Sijali nani kaoa wapi," akasema. "Jemu ikiungua leo, nyinyi wawili mtaenda nyumbani."

Kyalo akageuka haraka kwenye valvu yake. Mutinda, ndugu ya Mbithe, alikuwa ameapa mbele ya wazee kwamba mpwa wake haendi kwa mwanamume asiye na kazi.

Ikabidi aitwe Musau, bawabu, awe wa kupeleka maneno. Musau alikuwa mtu wa adabu, na adabu huchukua muda.

Mbithe akanong'ona, "Mwambie afunge." Musau akashuka ngazi polepole, akavua kofia. "Kyalo, umeamkaje? Kwenu hawajambo? Mama yetu huko juu hana neno baya nawe, usije ukafikiri vingine. Anaomba tu, kama haitakuudhi, upunguze kidogo."

Wakati huo jemu ilikuwa inaruka kama vyura. Kyalo akafunga mbio. Lakini koti lilikuwa limeshajaa, na chuma hakisikii kwamba umefunga. Joto likaendelea kupanda. Mbithe akaona amepuuzwa.

"Mwambie afunge!"

"Mwambie nimefunga!"

Musau akapanda na jibu hilo, akalipamba njiani kwa salamu. Alipofika juu, jemu ilikuwa imeshapoa, imelegea kama uji wa mgonjwa. "Basi mwambie afungue," akasema Mbithe. Musau akashuka tena, akavua kofia tena. Kyalo kwa hofu akafungua yote. Koti likanguruma. Kipimajoto kikapanda mbio, na harufu ya sukari inayotaka kuungua ikafika mpaka kwenye chupa zangu. Musau alikuwa bado yuko katikati ya ngazi, akitafuta neno la heshima la "haraka".

Mbithe akaitazama jemu, nadhani akamwona binti yake ndani yake. Akaitupa leso.

"Kyalo we! Funga sasa, kabla joto halijafika kipimo! Ukingoja lifike umechelewa!"

Na Kyalo, huku akizungusha valvu kwa mikono miwili, akajibu kwa mazoea: "Nimefunga, mama mzee! Koroga, acha domo!"

Kiwanda kizima kikageuka kuwatazama. Mbithe akakoroga, akakoroga. Joto likapanda kidogo tena, likasimama palepale panapotakiwa. Jemu ikapona. Kyalo ameshika mdomo kama mtu aliyemeza nyuki.

Habari zilimfikia Mutinda kabla jemu haijaingia kwenye chupa. "Dada yangu ana domo? Mbuzi wao watarudi kwao!"

Jioni hiyo Kyalo alikwenda kwa Mutinda, akapiga magoti, akaomba radhi. Asubuhi alikuwa mlangoni tena. "Mjomba, si niliomba radhi jana? Mbona bado mmenuna?"

Mutinda akaanza kutafuta fimbo. Ndipo sisi majirani tukamsikia Mbithe nyuma ya nyumba ya ndugu yake. Hakuruhusiwa kusema na mkwewe, kwa hiyo alisema na kuku, kwa sauti ya kufika barabarani.

"Nyinyi kuku hamna akili! Mvuke mmefunga jana jioni, leo alfajiri mnataka kulala juu ya tangi! Kufunga mvuke si kupoza koti!"

Kuku hawakuelewa. Mutinda pia hakuelewa. Lakini Kyalo, aliyeishika valvu ile kwa mikono yake, alielewa. Akageuka akaenda zake. Hakutuma mtu, hakuzungukazunguka boma, hakuuliza. Kazini Mzee Muthoka aliwafungia kamba yenye kengele ya mbuzi: Mbithe akivuta, Kyalo anafunga, hakuna anayefungua kinywa. Mvua zikaja, zikapita.

Siku moja Mutinda akaja mpaka kwenye valvu, akakohoa, akatazama pembeni.

"Dada yangu anasema koti sasa linashikika kwa mkono."

Syombua akaolewa mwezi huohuo.

Kwa hiyo, wajukuu wangu, anayeomba radhi asubuhi amefanya vyema, amefunga. Lakini asidai kuchekewa kabla ya chakula cha mchana. Kufunga mvuke si kupoza koti.