Mto Uliopimwa Mwezi wa Nne

"Mto haupimwi masika." Mnacheka, wajukuu zangu, mnadhani ni maneno ya uzee tu, na karakana yenu ya kuchomelea vyuma kwa umeme wa mto mmekwisha kuichora kwenye karatasi. Haya, nitawaambia methali hii ilianzaje, ila kwa haraka. Nina maziwa mkononi na jua linapanda. Kukaa sikai.

Mtambo wa umeme ulipofungwa kwenye mto wetu huu, Lihuvi, mwenyekiti wa kamati nilikuwa mimi. Wataalamu waliniagiza niupime mto kila mwezi, mwaka mzima, kabla hatujagawa umeme. Mwaka mzima! Subira hiyo ningeitoa wapi? Nilishuka mara moja tu, mwezi wa nne, mwaka wa mvua zile zilizobomoa madaraja. Maji yalinifika kifuani. Nikaandika kipimo kile kile kwa miezi yote kumi na miwili, nikapiga muhuri.

Kwa karatasi hiyo tukagawa umeme: shule, zahanati, mashine ya kusaga, kila nyumba. Ndipo akaja Mama Tulalumba, mjane wa kule bondeni, aliyechota maji Lihuvi tangu utotoni. Alitaka kununua mashine ya kutotoa vifaranga.

"Mwenyekiti, mwezi wa kumi umeme utakuwepo kweli?" aliniuliza. "Mwezi huo mimi huvuka mto bila kulowa magoti."

"Mama, imeandikwa hapa. Wewe lete mashine."

Akauza ng'ombe wake wa maziwa. Alikuwa naye huyo huyo mmoja.

Mwaka uliofuata mvua zikakatika mapema. Mwezi wa kumi ukatukuta mayai mia tatu yamo kwenye mashine, yamebakiza siku tatu yaanguliwe. Taa zikawa nyekundu kama makaa. Tukazima mashine ya kusaga, tukazima nyumba zote. Wapi! Nikawa napanda mtamboni, nashuka mtoni, nazoa majani yanayoziba maji, napanda tena, kana kwamba miguu yangu ingeongeza maji. Saa nane mchana mtambo ukasimama.

Nilimkuta Mama Tulalumba akifunga mayai kwenye kanga na kuwagawia majirani wayaweke vifuani, wengine chini ya kuku wao.

"Mto uliupima lini?"

"Mwezi wa nne, mama."

"Na miezi mingine?"

Nilitamani ardhi inimeze.

"Macho yangu ninayo, nikayaacha nikaamini karatasi yako," akasema. "Mto haupimwi masika, mwenyekiti. Shika haya."

Akanipa mayai sita. Mimi huyu mnayemwona hatulii, nililala chali siku tatu nimeyakumbatia, hata kukohoa naogopa. Hakuna hata moja lililotoa kifaranga. Katika mayai yote mia tatu walitoka vifaranga kumi na mmoja. Niliona aibu, wajukuu zangu, na mpaka leo ninayo.

Sasa hiyo karatasi yenu, mmepima lini? Mwezi uliopita? Loo! Mwezi uliopita si hata vyura walikuwa wanatafuta pa kupanda? Pimeni mwezi wa kumi. Mwakani mpime tena, na mwaka wa tatu, maana siku hizi hata kiangazi hakifanani na kiangazi kingine. Halafu pangeni kazi zenu kwa ule mwaka uliokuwa mbaya kuliko yote.

Haya, nipisheni. Maziwa haya ni ya Mama Tulalumba. Hakupata ng'ombe mwingine, nami nampelekea kila asubuhi tangu mwaka ule. Huyapokea kwa mikono miwili, hunishukuru, kisha huniuliza, "Mwenyekiti, leo maji yamefika wapi?"

Nami siku zote nakuwa nimeanzia mtoni, nimeangalia. Mto haupimwi masika.