Siku Gari la Wageni Lilipochelewa

Tawi la kuchomeka halivuki jua la pili. Mmelisikia neno hilo kwa mjomba wenu, na tangu hapo mnaniuliza lilitoka wapi, kana kwamba mimi ndiye niliyelitunga. Sikulitunga mimi. Lakini nilikuwepo lilipozaliwa, na aliyelisema nilimwona kwa macho yangu. Basi wekeni hizo simu kando, niwaeleze lilivyoanza.

Hapa kwetu Kwamrindi, maji yote ya mashamba hutoka chemchemi ya Ngoto. Hushuka mpaka kwenye ndiva, lile bwawa walilochimba mababu ili kuyakusanya maji kabla ya kuyagawa kwa zamu. Miaka ile miti ya kule juu ilikuwa imekatwa mno, chemchemi ikapungua, na ukuta wa ndiva nao ukaanza kuvuja. Maji yakawa haba na watu wakawa wakali. Vijana waligombania zamu mferejini, jembe likarushwa, na Elineema, mtoto wa Mzee Mbonea, akapoteza jicho.

Huyo Mbonea ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha mazingira. Tangu mwanawe aumie, hakuweza tena kukaa mahali pamoja. Mkianza kikao, yeye amesimama. Mkimkaribisha chai, anainywa akitembea. Kila alipoona mtu amebeba jembe kuelekea mferejini, alimfuata kwa macho mpaka apotee.

Yeye ndiye aliyehangaika mpaka tukapata ruzuku. Mfuko mmoja wa mazingira ulikuwa ukisaidia vikundi vya vijijini. Ulikubali kutusaidia kwa awamu: kwanza tupande miti kuizunguka chemchemi, wakija kukagua na kuiona, ndipo watoe fungu la saruji ya kujenga upya ndiva. Tuliotesha miche kitaluni, tukawa tunaimwagilia kwa makopo. Tarehe ya kupanda ikapangwa, na tarehe ya wageni pia.

Mvua haikuja. Tulitazama mawingu yakipita upande wa Same bila kutuacha na tone. Mbonea akasema tarehe ni tarehe, tukapanda kwenye vumbi. Ilipokaribia siku ya ukaguzi, miche karibu yote ilikuwa imekauka, ukiigusa inavunjika kama kijiti cha kiberiti. Ile michache tuliyoibakiza kitaluni ilikuwa midogo mno, haionekani hata ukisimama karibu.

Hakuna aliyewapigia simu wageni wa mfuko. Mbonea aliogopa kwamba tukisema miti imekufa, saruji nayo imekufa. Siku ya ukaguzi, kulipopambazuka, alitukusanya kule juu na mapanga.

"Tukateni matawi ya hii miti ya mishai, tuyachomeke ilipokufa miche," alisema. "Wageni hawalali hapa. Watatazama, watapiga picha, watashuka."

Tulitazamana. Nakijwa, makamu wake, mke wa mdogo wake, aliguna. Lakini naye alichukua panga akakata kama sisi. Siwezi kumsingizia kwamba alikuwa malaika. Jua lilipotoka, mteremko wote ulikuwa wa kijani. Ukiwa mbali, ungesema ni shamba la miti lenye afya njema.

Tukangoja. Kina mama walikuwa wameinjika makande ya wageni. Watoto wa shule walisimama barabarani na wimbo wao. Mbonea alipanda kile kilima ambako simu hushika mtandao, akashuka, akapanda tena. Mara ya mwisho alirudi na uso wa majivu.

"Gari limeharibika njiani," alisema. "Wanakuja kesho."

Siku ile sitaisahau. Tulibaki tumekaa kati ya matawi yetu, tunayatazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa. Mchana majani ya mishai yalianza kujikunja. Mtu mmoja akasema labda yana kiu. Basi tukaanza kuteka maji Ngoto, yale yale tuliyokuwa tukiyagombania, tukamwagilia matawi yasiyo na mizizi. Wenye zamu ya maji siku ile walilalamika huko chini, mifereji imekauka, na sisi tunamimina ndoo juu ya kuni. Matawi hayakushukuru. Kufika jioni yalikuwa yameinama yote, na hakuna aliyetaka kumtazama mwenzake usoni.

Kesho yake asubuhi tulipanda tukakuta majani yamekauka, yanachakarika kwa upepo. Mbonea alikuwa ametangulia. Alikuwa amesimama na panga chini ya mishai mikubwa inayofunika jicho la chemchemi, ile ambayo hata wachoma mkaa walikuwa wameiogopa. Mishai ya pembeni tulikuwa tumeimaliza jana.

Nakijwa aliona anapoelekea. Alikimbia akasimama mbele ya shina.

"Shemeji, hii hapana."

"Niondokee, shemeji. Gari linakuja."

"Hii ndiyo inayoshikilia maji! Ukiikata, hao wageni watakagua nini?"

"Mwanangu ana jicho moja!" Mbonea alipaza sauti, na sauti yenyewe ikapasuka. "Unataka mtoto gani mwingine apigwe jembe ndipo mridhike? Nataka ukuta ujengwe. Nikishaupata, nitapanda msitu mzima kwa mikono yangu."

"Na leo gari likiharibika tena?"

Mbonea aliinua panga.

"Niambie, utakata na kesho? Na kesho kutwa?" Nakijwa alilikumbatia shina kwa mikono yote miwili. "Jana nilikata pamoja na wewe, sijitoi. Lakini usiku kucha nimekuwa nikiyasikia haya majani. Tawi la kuchomeka halivuki jua la pili, shemeji. Tutachomeka mpaka lini?"

Ndipo tukasikia gari likinguruma kwenye kona ya chini.

Mbonea alitazama panga, akatazama mti, akatutazama sisi. Nilidhani atamsukuma. Badala yake alitupa panga kwenye majani, akaanza kuteremka kuwapokea wageni, na kwa mara ya kwanza tangu mwanawe aumie nilimwona akitembea polepole.

Aliyekuja ni Bi Rukaiya, mkaguzi wa mfuko, pamoja na dereva wake. Kabla mama huyo hajamaliza kusalimia, Mbonea alimwambia yote: mvua, vumbi, mapanga, ndoo za maji. Bi Rukaiya alisikiliza bila kukatiza. Kisha akapanda mwenyewe mteremkoni, akavuta tawi moja, akatazama mahali lilipokatwa.

"Baba," alisema, "ungenipigia simu mvua ilipokosa, tungesogeza tarehe. Vikundi vingine vimepiga, na tumesogeza."

Neno hilo lilimuumiza Mbonea kuliko matusi. Nilimwona akishika kiuno kama aliyepigwa rungu.

"Sasa nifanyeje?" aliuliza.

"Saruji siwezi kukupa. Nitaandika nilichokiona. Na nitaandika pia kwamba umeniambia mwenyewe."

Gari likaondoka. Makande yakaliwa na watoto.

Msidhani kijiji kilimpongeza Nakijwa. Vijana walisema ametunyima ukuta. Walimpa jina la Mama Jua la Pili, na akipita na ndoo yake walimtamkia kwa kelele lile neno lake, huku wakicheka. Wiki nyingi zamu yake ya maji ilirukwa. Mbonea ndiye aliyekwenda mferejini na kusimama pale, mikono mitupu, mpaka maji yakafika shambani kwa shemeji yake. Elineema alisimama naye.

Mvua za vuli zilipokuja hatimaye, tulitoa ile miche midogo ya kitaluni tukaipanda. Hakuna aliyepiga picha. Ukuta wa ndiva tuliuziba kwa msaragambo, kila kaya ikileta mtu, kwa mawe na udongo wa mfinyanzi kama walivyofanya mababu. Ulivuja bado, ila kidogo. Mbuzi walikula miche kadhaa, tukapanda mingine. Mmoja wa wale vijana waliomcheka Nakijwa ndiye aliyeanza kuizungushia miiba.

Mwaka uliofuata Bi Rukaiya alikuja bila taarifa. Miti ilikuwa ya kufika magotini, mingine mibaya mibaya, imepinda. Alizunguka peke yake kwa muda mrefu. Mbonea hakumfuata. Alibaki amekaa juu ya jiwe, na nawaambieni kweli, alikuwa amekaa. Mama yule aliposhuka, viatu vyake vimejaa tope, alimuuliza tu saruji iteremshiwe wapi.

Siku tuliyomimina msingi wa ukuta, fundi alitaka kupunguza saruji na kuzidisha mchanga ili tumalize mapema. Vijana walewale ndio waliomkatalia. Walimwambia kwa sauti moja, na safari hii hapakuwa na aliyecheka: tawi la kuchomeka halivuki jua la pili.